Kuitana mu Miti

Butembo, tarehe 9 ya mwezi ya pili

Yaya yangu mupendwa Kambere,

Wabukire, yaya. Nakusalimia sana mu jina ya Bwana wetu na ya Mama Maria. Naomba barua hii ikukute muzima pale Bungulu, mashine yako ya kushona inazunguka, na ule mugongo yako yenye ilikusumbua wakati ya Noeli imekuacha. Ile dawa ya kupakala yenye nilituma, ulipata? Usiniambie kama ulipatia mutu mwingine, nakujua. Na baba mudogo Muyisa, kikohozi yake iko namna gani? Umuambie Kanyere anamuwaza kila siku ku rozari.

Sisi huku tuko bazima, Mungu eko natusaidia. Batoto bako banakula muzuri. Séphora ametoka meno mbili mupya ya mbele, na sasa iko kiburi! Anachekea kila mutu mu njia, juu bayaone. Éphraïm amerefuka. Ile pantalon ya bleu yenye ulimushonea imekuwa fupi, miguu inabakia inje, batoto ya masomo banamucheka. Ukipata kitambaa, ushone ingine, na uache nafasi ya kutosha chini.

Yaya, barua yako niliisoma mara ine. Umeandika kama siku ya kutosha matanga ya bibi yako Mariette, kumaliza kilio yake, mwisho wa mwezi huu, ba baba badogo bote batakusanyika kwako, na mbele yabo utanikabizi batoto, bakuwe bangu kabisa mpaka bakomae. Na umeandika tena ile maneno yenye unapenda kusema, kama ni mimi nilimuokoa Éphraïm mu shamba ya kakao, kama bila mimi ungezika batu babili siku moja. Unaniuliza kitu moja tu: kama nakubali. Nitakujibu. Mais uniachie nieleze kwanza vile tuliishi huku miezi hii, juu jibu yangu iko ndani yake. Kwa téléphone hapana. Réseau inakatikaka, na mimi pia ningekatika. Barua nitapatia Solange, ule mama mwenye anapelekaka viazi ya Kayna mpaka ku soko ya Beni. Atakutia yeye mwenyewe mu mukono.

Wakati batoto balifika kwangu, mwaka jana, balikuwa banaogopa majani. Si nyoka, si imbwa. Majani. Pale kwa jirani yangu Léa kuko migomba tatu ya bitoke ku luganda, ile uzio yake, unaijua. Upepo ikipita tu ndani yake, Séphora anavuka njia, anatembea upande ingine. Sombe ile mbichi, majani ya mihogo, nikiirudisha toka soko, Éphraïm hakutaka ikae mu nyumba mwenye eko. Na kuko kitu ingine sikukuandikiaka. Éphraïm, ukimuita jina yake, anaweka mukono ku kinywa. Hajibu. Anafunga kinywa na kiganja, anakuangalia na macho tu, mpaka unaacha kumuita. Ku maternelle, masomo ya batoto badogo, mwalimu wake aliniita juu ya ile. Anaitwa Madame Simone, ni bibi ya Monsieur Aristote, ule mukubwa wa bureau mwenye serikali ilimutuma huku toka Kananga. Aliniuliza kama ni haya. Nikajibu kama ndiyo, ni haya. Nilijibu mbio sana, yaya.

Madame Simone njo alinipatia ile mawazo ya kutembea. Alisema kama mutoto mwenye anaogopa majani, hapana kumufungia mu nyumba. Alisema nibachukue kila siku nyuma ya masomo, polepole, leo kipande ya majani kidogo, kesho kidogo tena, karibu na nyumba, mpaka macho yabo izoee. Alisema ni promenade. Nilicheka. Nani mutu mukubwa wa huku Butembo amekwisha kumuona mu njia mikono mitupu, saa ya kazi, asema anafanya promenade? Ule ni mwizi, ao ni mugonjwa, ao ni bibi ya mukubwa. Siku ya kwanza Léa aliniuliza pale ku luganda yake tunaenda wapi bila muzigo. Nikamuambia ukweli. Alicheka mpaka beignets yake ikaungua ku mafuta, na mbele ya saa kumi na mbili quartier muzima ilijua kama Kanyere anafanya promenade. Aïe, ile haya! Siku ya pili nikafunga mukaba ku kichwa, nikabeba kitunga ku mugongo, mutupu, na kila mwenye aliuliza nikamuambia naenda kukata majani ya cobaye, bale banyama kidogo ya kufuga kama sungura. Basi. Hakuna mwenye aliuliza tena. Na mimi, yaya, sijakwisha kufuga cobaye ata moja.

Tulianza nyuma ya kanisa. Niko huku tangu miaka kenda, na nilijuaka njia moja tu, nyumba, soko, kanisa, nyumba. Sikujua kama nyuma ya sacristie kuko kiwanja ya majani mafupi, na miti saba ya sipre, na ukimya. Éphraïm alisimama pale changarawe inaishia, viatu yake ku mupaka, akakatala kupita. Siku ya kwanza vile. Siku ya pili vile. Siku ya ine akatia muguu moja mu majani, akautosha, akaangalia kama iko muzima. Séphora akamucheka, naye akaingia, mais anashika sketi yangu, mimi tantine yake, na mikono mbili. Na mimi? Ukiniona ungesema mama wa imani. Hapana. Nilikuwa nahesabu sipre, natafuta nyuma ya gani mutu anaweza kujificha. Batoto banaangalia panzi, mimi naangalia luganda. Kila njiwa mwenye aliruka, nilibashika batoto mikono.

Nyuma ya ile tukashuka ku bonde, kwenye bafundi ya matofali. Chini ya mashimo yabo kuko maji, na matete, na bachura bengi sana. Pale nilipumua kidogo, juu kuko batu, banapiga udongo, banaimba, moshi ya matanuru inapanda. Pale Séphora akaanza kukusanya majani. Anayalaza mu kaye yake ya zamani, daftari ya masomo, anaandika chini jina mu kinande, anauliza mimi. Yenye najua, namuambia. Yenye sijui, nabuni tu, usinisengenye. Na pale njo Éphraïm alicheka mara ya kwanza. Chura moja alirukia ndani ya kitunga yangu, mimi nikatupa kitunga na kelele, bafundi ya matofali bote bakageuka, na mutoto akacheka mpaka akaikala mu matope. Yaya, nilisahau hasira. Nilitaka kulia mbele ya bale banaume.

Mais toka ile bonde, ukiinua macho, unaona kilima ya karatusi. Ni mbali kidogo tu, mutu anaweza kufika mbele rozari haijaisha. Séphora akaanza kuomba twende kule. Nikakatala juma muzima. Nilisema kuko siafu, nilisema miguu inaniuma, nilisema mwenye miti ni mubaya. Kweli yenyewe ni hii: mu karatusi hauone mutu mwenye eko mbali hatua kumi. Unaona shina, na shina, na shina. Ni kama mu kakao. Mu mwisho nikashindwa na ile mudomo ya mutoto yako, unaijua ni ya nani, na tukapanda. Na lazima niseme, kule ni kuzuri. Katikati ya miti kuko nafasi wazi, majani laini kabisa, na kachemchem kanatoka chini ya jiwe, maji baridi. Batoto banapaitaka salon, kama chumba ya wageni. Harufu ya karatusi inafungua kifua. Nilikuwa najiambia, kumbe hii yote ilikuwa juu ya kichwa yangu miaka kenda.

Na ni kule mu salon Séphora alianza kuita.

Wewe uko mushoni, yaya, hukuwa unaenda sana ku shamba, mais ile desturi unaijua. Mu kakao majani inafunika, kila mama eko ku mustari yake, hamuonane. Tangu vita ilianza, banamama ya shamba yetu balikuwa banaitana, na mimi pamoja nabo, kila mwaka wakati nilikuja toka huku kusaidia mavuno. Mwenye eko juu kabisa anaita, "Muko?" Na kila moja, ku mustari yake, anaitika, "Niko!", moja nyuma ya mwingine, mpaka wa mwisho chini. Nyuma ya dakika kidogo anaita tena. Kama moja haitike, banamuita na jina yake, mara tatu. Kama ananyamaza tu, mwenye eko karibu naye anaenda kumuangalia, juu labda nyoka imemuluma, labda ameanguka. Mariette alifundisha batoto ile kama muchezo mu parcelle, pale Bungulu, nyuma ya nguo za kuanika. Ulikuwa unasikiaka toka ku mashine yako.

Sasa Séphora akajificha nyuma ya karatusi, akaita na ile sauti ya mama yake, "Muko?" Éphraïm akaweka mukono ku kinywa. Na mimi sikuitika. Nilisema koo inaniuma. Kesho yake, tena. Nilisema niko nasali. Siku ya tatu akatoka nyuma ya muti, mikono ku kiuno, akaniuliza juu ya nini tantine haitikaka. Asema mama yabo alibafundisha kama mutu mwenye haitike anamutesa mwenzake, juu mwenzake atakuja kumutafuta. Ana miaka munane tu, yaya. Nikasema twende nyumbani, mvua inakuja. Hakukuwa ata wingu moja.

Jeudi, siku ya ine ya juma iliyopita, tulipanda tena. Jua ilikuwa muzuri, saa tisa. Nilikaa mu salon, kitunga pembeni, Séphora karibu yangu na kaye yake. Éphraïm alikuwa amejificha nyuma ya shina, juu kidogo, naona tu kichwa ya kiatu yake. Mara ile majani marefu ya pembeni ikatikisika, mutu akatoka ndani yake, ameinama, panga mu mukono. Sikuona kingine. Sikuona uso yake, sikuona kama eko na muzigo. Niliona panga. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikashika mukono ya Séphora, juu yeye njo alikuwa karibu, nikakimbia. Niliacha kitunga, niliacha babouche moja ya muguu. Nilimuacha Éphraïm. Soma tena pale, yaya, sikukosea kuandika. Nilimuacha.

Nilikimbia mpaka chini, kwenye kanjia ka juu ya bafundi ya matofali, nikaanguka na magoti. Séphora analia, anataja jina ya mudogo yake. Na pale nikasikia sauti toka juu. Ule mutoto mwenye tangu mwaka hajibu ata jina yake, alikuwa anaita. Muzuri kabisa, kama mu kakao.

"Tantine, uko?"

Na mukono yangu ikapanda, ikafunga kinywa yangu. Naapa mbele ya musalaba, sikuituma. Akaita mara ya pili. Nilijua hesabu, yaya. Najua kinakuja nini nyuma ya mara ya tatu. Nilikuwa pale ku magoti, naangalia miti, na sikuweza. Ni Séphora mwenye alivuta ile mukono yangu na mikono yake mbili, akaitosha ku kinywa, kama vile unamunyanganya mutoto kisu. Sauti ikatoka. "Niko!" Bafundi ya matofali bakaacha kazi. "Niko, Éphraïm! Niko, nakuja!" Nikapanda kilima muguu moja bila kiatu, naita niko, niko, niko, njia muzima, kama mwenda wazimu.

Ule mutu alikuwa ameikala chini, mbali na mutoto. Panga yake alikuwa ameitia juu ya jiwe, mbali, na mikono yake juu ya magoti. Jina yake Kahongya, mutu wa Kasugho, alikimbia huku na bibi na batoto miaka mbili iliyopita. Anafuga cobaye nyuma ya nyumba ya kukodi, na jeudi yote anakuja pale kukata majani. Eh, alinigombeza! Aliniuliza ni mama ya namna gani mwenye anaacha mutoto juu ya mukata majani. Nilikuwa nastahili. Nyuma yake akapunguza sauti. Asema aliposikia mutoto anaita vile, alijua sisi ni batu ya gani, juu kwabo pia banaitanaka. Njo maana aliikala chini na hakumukaribia. Alisema mutoto mwenye anaita, muache aite mpaka wake mwenyewe amuitikie. Kisha akaona kitunga yangu mutupu, akaniuliza nilifwata nini. Na mimi, na ile haya yote, nikasema majani ya cobaye. Alicheka sana, akaijaza mpaka juu, akakanyaga na muguu, akaongeza. Nikarudi mu quartier na muzigo ya majani ya nyama zenye sina. Léa alinisifu.

Mu njia ya kurudi Éphraïm alinishika kidole. Tulipofika karibu na kanisa, akasema, polepole, bila kuniangalia:

"Tantine, leo uliitika."

Ile tu. Séphora hakusikia maana yake, alikuwa anacheka kitunga. Mimi nilisikia.  

Sasa, yaya, ukae chini. Kama uko na batu mu atelier, ubatoshe inje kwanza.

Tulisema bote kama Éphraïm alikuwa mudogo sana, miaka tatu, kama hatakumbuka. Anakumbuka. Mimi niliambia wewe, na padiri, na baba mudogo Muyisa, na matanga muzima, kama Mariette aliniambia nikimbie na mutoto, nimuache yeye. Mulilia bote, mulimusifu, na munanisifu mimi. Mariette hakusema ile. Ni mimi nilibuni, jioni ile ile, mbele machozi yako haijakauka, juu uliniuliza na nilikuwa naogopa macho yako.

Hii njo yenye ilipita. Yeye alikuwa juu, anapasua matunda. Mimi nilikuwa ku mustari ya chini kabisa, karibu na kamuto, Éphraïm ku mugongo yangu. Niliwaona bale batu benye panga mbele ya mwenzangu yeyote. Balikuwa tatu, banapita kati ya kakao bila neno. Kama ningepiga kelele saa ile, banamama bote bangekimbia. Sikupiga kelele. Niliingia mu mufereji, nikalala chini ya majani. Na Mariette akaita, "Muko?" Benye juu bakaitika, moja, moja, moja. Ikafika zamu yangu. Nikanyamaza. Akaita na jina yangu, "Kanyere, uko?" Mutoto akasikia sauti ya mama yake. Alijua muchezo, yaya. Akafungua kinywa aitike. Nilimutosha ku mugongo, nikamutia ku kifua, nikamufunga kinywa na mukono yangu. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa karibu, na alikuwa anacheka. Alisema, "Ule muvivu Kanyere amelala tena chini ya kakao, na mutoto wangu ataumwa na siafu." Alikuwa anashuka kunitafuta. Akapita pembeni yangu, niliona miguu yake. Saa ile bale batu baligeuka kwake, na mimi nikatoka upande ingine na mutoto, nikakimbia.

Mutoto yako haina haya ku kinywa. Ile mukono yenye anatia pale ni yangu.

Labda ningeitika tungekufa batatu. Najiambia ile kila asubui, na kila asubui inanisaidia mpaka saa ine tu. Labda ningepiga kelele mbele, yeye angekuwa muzima. Sijui, na hakuna mwenye atanijulisha. Yenye najua ni hii: Mariette hakufa juu alinituma nikimbie. Alikufa juu alikuja kunitafuta mimi, na mimi nilikuwa pale, namusikia.

Na usiseme kama nakuandikia juu niko muzuri. Nilianza kuandika juu niliogopa Éphraïm atakomaa, atakuambia yeye mwenyewe. Njo ile ilinisukuma. Mais sasa nimeandika, naona kama ningeandika ata kama alikuwa bubu. Siwezi kusimama mbele ya ba baba badogo, siku ya kumutosha Mariette matanga, nipokee batoto bake na ile uongo mu kinywa. Naogopa sana, yaya. Naogopa nikimaliza hii ukurasa, naogopa juu ya Solange ku barrage ya basoda mu njia, naogopa saa yenye utafungua. Kuliko yote naogopa nyumba hii bila ile kelele yabo.

Uliniuliza kama nakubali. Nakubali na roho yote, nabataka kuliko kitu yote ya dunia. Mais wewe njo utaamua, sasa unajua. Kama utakuja kubachukua, nguo yabo nimekwisha kufua, iko mu valise ya rangi ya maziwa, nyuma ya mulango. Usibaambie kama nilibafukuza. Kama utabapatia mutu mwingine, Élodie dada ya Mariette ao nani, umuambie bitu mbili. Séphora akinuna, umuache, itapita. Éphraïm akiita, umuitikie mbio. Usimuache aite mara ya pili.

Ule Kahongya wa Kasugho alikuja dimanche nyuma ya misa, ameleta cobaye moja mwanamuke mu karton, juu ya batoto. Sasa niko mufugaji wa kweli, na kila siku tunapanda karatusi kukata majani. Séphora anakuletea mu enveloppe hii majani tano ya karatusi. Asema babu Muyisa ayachemushe, avute moshi yake ku kikohozi. Jina ameandika juu ya kila moja, ya leo si ya kubuni. Éphraïm nilimuuliza naye anatuma nini. Asema hakuna, asema atakuita yeye mwenyewe siku utakuja.

Unisalimie baba mudogo Muyisa, na jirani yako Ézéchias na bibi yake, na bamama bote ya Legio ya Maria pale Bungulu. Unisalimie kaburi ya Mariette, usiipelekee maua, uipalilie tu. Wasingya, aksanti, yaya, juu ya ile yote ulinifanyia wakati ulikuwa unanihesabia haki. Mungu akulinde mu njia na mu nyumba.

Ukija, uite pale chini, mbele ya kupanda. Ata kama ni kubachukua umekuja, nitaitika.

Ni mimi dada yako,

Kanyere